Neno la Shavuni

Iko nchi moja ambayo si hii yenu. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wasomaji wenye haraka ya kufananisha, na haraka hiyo imewahi kuwalaza watu mahali pasipo na mito. Jina la nchi hiyo liko kwa Kiongozi Mtukufu, bado analifikiria, na mpaka atakapomaliza kufikiri sisi raia wake tunaiita Nchi.

Katika Nchi tunakula mirungi. Sisemi kwa fahari wala kwa aibu, nasema kama mtu anavyosema kwamba kwao kuna mvua.

Alasiri, kazi zikipungua, wanaume wa mtaa wetu huketi kwenye baraza ya kaka yangu Badi, mshona magodoro, kwa sababu kwake hakukosekani sufi ya kuegemea. Mirungi hufika imefungwa kwa majani ya mgomba, mbichi, bado ina unyevu. Mwanzoni hakuna anayesema. Kila mtu anachambua, anatafuna, anakusanya shavuni mpaka shavu linatuna kama la mwenye jino bovu. Kisha watu huanza kupendana. Kisha hupanda handasi.

Handasi ni pale jani linapofika kichwani na mtu akaanza kujenga. Hajengi kwa matofali, anajenga kwa mdomo. Nimesikia kwenye baraza ile ghorofa zikisimama, viwanda vikitoa moshi, timu yetu ya mtaa ikitwaa kombe la dunia kwa penalti. Njaa haipo, usingizi haupo. Jua likianza kushuka, jani nalo hugeuka. Ndipo huja mnuno: macho makavu, moyo mzito, kila mtu anamwona mwenzake mbaya, na ghorofa zote huanguka bila kishindo.

Wazee walioanzisha mambo haya walijua kwamba Nchi haitakalika ikiwa kila ghorofa ya alasiri itadaiwa asubuhi. Basi waliweka kanuni. Mwenye jani, kabla ya kujenga, hujipiga shavu kwa vidole viwili, pa pa, ili wasikiaji wajue kwamba anayesema sasa ni jani. Neno la shavuni halidaiwi. Jirani yetu Mwinyikai amekwisha kuniahidi binti yake mara nyingi sana, pamoja na shamba la minazi, na kila asubuhi tunasalimiana vizuri kabisa. Anayedai neno la shavuni hufukuzwa barazani, na mkeka wake huviringwa.

Msidhani kanuni hii ilikuwa mzaha. Ilikuwa huruma. Mtu aliyepoteza kazi aliweza kurudi kwake, akajipiga shavu mbele ya mkewe, akasema, "Mwaka huu nakujengea." Mke akaitikia, "Inshallah, mume wangu." Mke alijua. Mume alijua kwamba mke anajua. Wakala kilichokuwepo, na nyumba ikapita siku moja zaidi bila kuvunjika.

Kosa letu lilikuwa kuieleza serikali.

*

Mheshimiwa Daktari Mapande, Waziri wa Mipango na Matumaini, alikuja mtaani kwetu wakati wa kuomba kura. Alipita nyumba kwa nyumba akibeba watoto wa watu, na alipochoka kubeba akaketi barazani kwa Badi. Tukamkaribisha kwa kitita cha mirungi, kwani mgeni ni mgeni. Akatafuna. Handasi ilipompanda, akafungua mdomo kutuahidi daraja la Mto Gumba, ule mto unaokata barabara pekee ya kutoka bara, na ambao huvukika tu maji yakiwa haba.

"Mheshimiwa," Badi akamkatiza kwa adabu, "jipige shavu kwanza."

"Nijipige shavu? Kwa nini, fundi?"

"Usije ukadaiwa."

Tukamweleza kanuni. Mheshimiwa akaacha kutafuna.

"Yaani," akauliza polepole, "mtu akisema jani likiwa mdomoni, hadaiwi?"

"Hadaiwi."

"Hata kama ni zahanati?"

"Hata kama ni meli, Mheshimiwa. Mwinyikai hapa ana meli saba."

"Nane," akasema Mwinyikai. "Ile ya jana umeisahau."

Nilimwona Waziri machozi yakimlengalenga. Alitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyezunguka dunia kutafuta dawa akaikuta inaota nyuma ya jiko lake. Kisha akainua vidole viwili, akajipiga shavu, pa pa, akatuahidi daraja, zahanati, stima na uwanja wa ndege. Tukapiga makofi. Hatukujua tulikuwa tunapigia makofi nini.

*

Kabla mvua hazijaanza, Bunge likapitisha Sheria ya Shavu. Kifungu cha kwanza kilisema kwamba mtumishi wa serikali akinena jani likiwa shavuni hadaiwi, wala yeye, wala wizara yake, wala warithi wake. Kifungu cha pili kilisema kwamba raia akiahidi jambo, kwa jani au bila jani, anadaiwa mpaka alipe. Kifungu cha pili hakikusikika vizuri kwa sababu wabunge walikuwa bado wanashangilia cha kwanza.

Toka siku hiyo hakuna ofisa aliyefungua mdomo ukiwa mtupu. Bunge liliwekewa mabakuli ya kutemea. Bajeti ilisomwa na mtu mwenye shavu kama ngumi, na kila alipotaja mradi alilipiga, pa pa, mpaka kikao kikawa kama ngoma ya kumtoa pepo. Mkuu wa Itifaki wa Ikulu alibadilishiwa cheo akawa Mkuu wa Majani. Kila asubuhi lori la serikali lilishuka kutoka bara na mirungi mbichi, kwani mirungi ikikaa hukauka, na iliyokauka haina faida kuliko ufagio.

Mheshimiwa Mapande aliihutubia Nchi kwa redio. "Wananchi! Kwa miaka mingi serikali yenu imekuwa ikisema uongo. Nakiri. Leo hatusemi uongo tena. Leo tunasema jani. Uongo ni dhambi, jani ni utamaduni!"

Hoja hii ilikuwa nzito, na wengi wetu hatukupata jibu lake.

Tatizo lilikuwa mwili. Jani halijui cheo. Mawaziri wakawa hawalali. Walikutana alfajiri, wakajenga reli, wakakutana tena mchana kuihamisha reli, maana ilipita chumbani kwa mtu. Wakawa hawali, suti zikaanza kuwavaa wao. Jioni, handasi ilipowashuka, mnuno uliwakuta wangali mezani na mihuri mikononi. Basi mambo yote ya furaha katika Nchi yaliahidiwa kabla ya adhuhuri, na mambo yote ya adhabu yalitiwa muhuri jua linaposhuka. Mahakama nayo iliona ni busara kukaa jioni.

*

Sasa niwaambie ya kaka yangu.

Badi si mwanasiasa. Badi anajua pamba, sufi, sindano ndefu na migongo ya watu. Ukipita mbele yake anakutazama unavyotembea, anakwambia godoro lako limebonyea upande gani. Alasiri moja, handasi imempanda, picha ya Kiongozi Mtukufu ikiwa ukutani pale ambapo sheria inaitaka, aliikazia macho. Katika picha ile Mtukufu ameketi.

Badi akajipiga shavu, pa pa, sote tukasikia.

"Kile kiti," akasema, "kimekaliwa mno. Tazameni. Sufi imelala yote, mzee wa watu anakalia mbao. Kesho nakwenda Ikulu. Nitamwambia, Mtukufu, hebu inuka kidogo, nikushonee upya."

"Atainuka?" akauliza Mwinyikai.

"Kwa fundi? Lazima ainuke. Godoro halishonwi na mtu juu yake."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikajigaragaza mkekani. Mwinyikai alimpa Badi meli moja ya kumpeleka Ikulu, ingawa Ikulu haiko baharini. Na pale pembeni alikuwepo mtu ambaye hakucheka, akitafuna taratibu, na ambaye baadaye tulimjua kuwa ni Sajini Kirobo.

Askari walimchukua Badi kesho yake jioni. Tulidhani atashitakiwa kwa kumtukana Mtukufu. Lakini serikali yetu si ya kishamba namna hiyo. Kosa lilisomwa mahakamani mbele ya watu: *kutotimiza ahadi*. Mshitakiwa aliahidi kwenda Ikulu kesho yake kushona kiti, na kesho yake hakwenda. Katika historia yote ya Nchi, kaka yangu ndiye mtu wa kwanza kushitakiwa kwa kutotimiza ahadi, na familia yetu inapokea pongezi.

"Mheshimiwa Hakimu," Badi akasema, "nilijipiga shavu."

"Wewe ni mtumishi wa serikali?"

"Mimi ni mshona magodoro."

"Basi shavu lako ni shavu tu."

Akaitwa shahidi wa kitaalamu, Profesa Ndarabu, bingwa wa mashavu. Profesa akaeleza kwamba jani ni moja lakini mashavu ni mawili. Katika shavu la serikali, jani hulegeza akili, mtu akasema asichokusudia. Katika shavu la raia, jani hulegeza ulimi, mtu akasema anachokusudia hasa. Hakimu akauliza kama kuna ushahidi. Profesa akasema ushahidi ndio huu mshitakiwa. Mahakama ikaridhika.

Jua lilikuwa linashuka. Hakimu alikuwa na mnuno, midomo imemkauka. Akatoa hukumu: Badi akae gerezani mpaka atakapotimiza ahadi yake.

Mimi nina damu ya moto, na sikujizuia. Nikasimama nikasema, "Atatimizaje naye yumo gerezani? Mwachieni aende Ikulu akashone!"

"Mfungwa haruhusiwi kuingia Ikulu," akasema Hakimu.

"Basi mtoeni kifungoni!"

"Hawezi kutoka kabla hajatimiza." Akanitazama kwa huzuni ya kweli. "Kijana, sheria siyo mimi niliyeitunga. Mimi pia naumia. Hata usingizi sipati."

*

Mke wa Badi anaitwa Mishi. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na mtu akimwona kwa mara ya kwanza hudhani ni mpole. Mishi alikwenda kwa Mheshimiwa Mapande mara nyingi, nami nikimsindikiza, kwa kuwa shemeji hatembei peke yake kwenye maofisi. Kila tulipofika Waziri alitupokea kwa mikono miwili.

"Mama, huyu mumeo ni mshona magodoro hodari! Taifa linamhitaji!" Pa pa. "Kesho saa nne atakuwa nyumbani kwako."

"Ahsante, Mheshimiwa," Mishi alijibu, na kesho yake saa nne hatukutazama hata mlangoni.

Siku moja, tukishuka ngazi za wizara, akaniambia, "Shemeji, wewe fundi wa maneno. Hivi neno la serikali linapatikana wapi likiwa tupu?"

"Halipatikani, shemeji. Mdomo wao haukauki jani."

"Ipo siku utakauka," akasema.

Nikamwona mjinga. Kisha mvua zikanyesha.

Zilinyesha bara, zikashuka na Mto Gumba, na mto ukafurika ukaimeza barabara. Lori la mirungi la serikali likafika ukingoni, likatafuta daraja. Daraja lilikuwa limeahidiwa na Mheshimiwa Mapande mwenyewe, barazani kwetu, kwa kujipiga shavu. Dereva aliwaza, akashusha kiti chake, akalala. Mzigo ukakaukia ng'ambo.

Hivyo ndivyo serikali ilivyonyamaza.

Sijawahi kuona amani kama ile. Redio ikapiga taarabu mfululizo. Mikutano ikaahirishwa kwa ishara za mikono. Ofisa ukimsalimu anaziba mdomo na kukimbia, kwa hofu ya kusema "salama" akaja kudaiwa usalama. Na kwa kuwa jani liliwatoka mwilini, usingizi wote waliokuwa wameuweka pembeni ukawaangukia kwa pamoja. Walilala vitini, walilala kwenye lifti. Walioamka waliamka na njaa ya ajabu. Mkuu wa Majani alionekana akila muhogo mbichi.

Mishi akawasha moto. Akapika pilau ya nyama ya mbuzi kwa ule mkono wake ambao mtaa mzima unaujua, bizari ikapanda mpaka kwa Mwinyikai. Akatengeneza na kachumbari, akakatia kotmiri juu, kwani, alisema, chakula cha mgeni hakipelekwi kikavu. Akafunika sinia, akanibebesha.

Mheshimiwa Mapande tulimkuta kwenye varanda ya wizara, amejikunyata kama kuku wa mvua. Mabega yake yalikuwa yamebaki koti tu. Alipotuona akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Usiseme kitu, Mheshimiwa," Mishi akamwambia. "Kula tu."

Akafunua sinia.

Ndugu zangu, yule mtu alikula. Alikula kwa mkono, kwa magoti, kwa kilio. Walinzi walikusanyika wakamtazama, makarani walioamka kwa harufu wakajaa mlangoni. Mishi alimmiminia maji, akamsogezea nyama, hakuuliza swali. Sinia lilipobaki mifupa, Mheshimiwa akapumua pumzi ndefu, akajifuta mdomo, na uso wake ukawa uso wa mtu ambaye zamani alikuwa na mama.

"Mama," akasema. Ilikuwa sauti nyingine kabisa, ndogo, ya kawaida. "Mama, sijala chakula tangu... Mumeo yule. Kafanya nini kwani? Katania tu. Atatoka kesho. Wallahi atatoka."

Hakujipiga shavu.

Karani mmoja akaangusha kalamu. Kisha mlinzi, mtu mkubwa mwenye bunduki, akaanza kulia, kwani ndilo lilikuwa neno tupu la kwanza kutoka kwa serikali tangu azaliwe.

Habari zikafika mtaani kabla yetu. Watu walifagia njia. Mwinyikai akatoa zulia lake, la kweli, si la shavuni. Nami nikatunga ubeti, nikausoma juu ya ngoma ya ngozi. Utungaji nimejifunza mwenyewe, sikukalishwa na mtu, na mizani yake haikupungua, atakayebisha ahesabu:

*Kinywa kisicho na jani, leo kimenena neno,*
*Badi yu huru nyumbani, hana pingu za mkono,*
*Wekeni sinia chini, tule tusibane meno,*
*Neno la bila majani, halikosi lake vuno.*

Mishi aliyafua mashuka yote. Aliyaanika uani yakajaa kama matanga, akakaa katikati yake akisubiri saa nne.

*

Saa nne maji ya Mto Gumba yakapungua, na lori likavuka na mzigo mpya, mbichi.

Badala ya Badi, aliletwa tarishi. Imeundwa Tume ya Shavu, akasema, kuchunguza kama Mheshimiwa Waziri aliponena alikuwa na jani au hakuwa nalo. Mke wa Badi anaombwa kuhudhuria na sinia lake.

Tume ilikaa asubuhi, handasi ikiwa juu, watu wachangamfu kabisa. Mwenyekiti alikuwa Profesa Ndarabu. Mheshimiwa Mapande aliketi mbele, shavu limerudi kuwa ngumi, na hakututazama machoni.

"Bibi," Profesa akaanza, "katika chakula ulichompa Waziri kulikuwa na nini?"

"Wali. Nyama. Viazi. Viungo."

"Na kachumbari?"

"Ndiyo."

"Ndani ya kachumbari?"

"Nyanya, kitunguu, pilipili, ndimu, na kotmiri."

Profesa akavua miwani. "Kotmiri. Hebu ieleze Tume, kotmiri ni nini?"

Nilimwona Mishi akifumba macho. Alikuwa amefika swali linakokwenda, kabla yetu sote.

"Ni jani," akasema.

Ukumbi ukalipuka. Profesa akasoma Sheria kwa sauti: *jani likiwa shavuni*. Sheria haisemi jani gani. Mtungaji, kwa busara yake, aliyajumuisha majani yote ya Nchi. Na je, inawezekana mtu akala kachumbari bila jani moja kubakia shavuni? Bingwa wa mashavu alisema haiwezekani. Alikuwa bingwa huyo huyo.

Nikaruka. "Hakujipiga shavu! Tulikuwepo! Muulizeni mlinzi!"

Mlinzi aliulizwa. Alikuwa ana shavu limetuna.

"Alijifuta mdomo," akasema akitazama chini. "Mkono ulipita shavuni. Mara mbili."

"Pa pa," akasema Profesa kwa upole, na karani akaandika.

Ndipo Mishi akasimama. Sikuwahi kusikia sauti yake ikipanda, na sikuisikia ikipanda hata siku ile. Aliketi tena, akashika kwa mikono miwili kingo za benchi lile la mbao.

"Haya," akasema. "Basi mimi sitoki hapa mpaka mume wangu atoke."

Wajumbe wakatazamana. Profesa akainama kumnong'oneza katibu, katibu akafungua Sheria, akaonyesha kwa kidole kifungu cha pili.

"Tume imepokea ahadi ya mama," Profesa akatangaza. "Ahadi ya raia ni deni."

Akawekewa askari asije akaivunja.

Toka siku hiyo serikali haijanyamaza tena. Mirungi ikichelewa wanatia mchicha. Katibu Mkuu mmoja, mwenye meno mabovu, anatumia majani ya chai.

*

Nikabaki na wafungwa wawili na jiko moja. Asubuhi nampelekea Badi uji, mchana nampelekea Mishi wali. Kachumbari natia nyanya na kitunguu tu.

Gerezani walimpa Badi kazi ya kushona magodoro ya askari, na hili lilimsaidia asipoteze akili. Alinipokea kwenye wavu akiwa na nyuzi za pamba kwenye nyusi.

"Mishi hajambo?"

"Hajambo. Amekaa."

"Amekaa wapi?"

"Pale Tume, kaka. Kwenye benchi."

"Lina sufi?"

"Mbao tupu."

"Tangu lini?"

Nikamsogezea uji. Badi alijua mgongo wa mkewe kuliko mtu mwingine yeyote, ndiye aliyeushonea. Nilipokwenda tena alikuwa ameficha mto chini ya shati. Alikuwa ameiba sufi kidogo kidogo kutoka magodoro ya askari, akaushona kwa sindano fupi, mishono midogo isiyoonekana, na kuupunguza katikati ili uchukue uti wa mgongo. Nilipoushika nilitaka kuukalia palepale.

"Mwambie aweke upande huu," akasema. "Asiugeuze."

Langoni nilimkuta Sajini Kirobo, ambaye alikuwa amepandishwa cheo kwa kutokucheka. Akautwaa mto, akaubonyeza. Akaukalia. Uso wake ukabadilika. Akaukalia tena kwa muda mrefu, macho amefumba.

"Huu," akasema, "si wa mtu wa chini."

Nilipiga kelele, nilimvuta mkono, nilimwita majina ambayo si ya kuandikwa. Alinisukuma kwa kidole kimoja. Nguvu zangu zote, ndugu zangu, ziko katika ulimi, na ulimi hauvuti mto.

Jioni redio ikatangaza kwamba Afande Kirobo, mzalendo, amemzawadia Kiongozi Mtukufu mto wa kiti chake. Mtukufu ameukalia. Mtukufu amefurahi mno. Wasaidizi wanasema hajawahi kuketi vizuri namna ile, na hana mpango wa kuinuka.

Nikakimbia mahakamani. Niliwaza, ahadi imetimia! Kiti kimeshonwa, na aliyeshona ni Badi! Nikamkuta Hakimu mwenye mnuno wake, nikamweleza yote bila kupumua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua jalada la kaka yangu.

"Unakubali kwamba kiti cha Mtukufu sasa kimetengenezwa?"

"Nakubali! Ndilo ninalosema!"

"Na kimetengenezwa na Afande Kirobo. Redio imesema." Akafunga jalada, akalisukuma mbali kabisa, mahali yanapowekwa majalada yasiyofunguliwa tena. "Basi hakuna tena kiti cha kushonwa. Mfungwa hawezi kutimiza ahadi hiyo maisha yake yote. Pole sana, kijana."

Nilikwenda kwa miguu mpaka Tume. Nilitaka kutunga jambo la kuwalaani wote, njiani nikahesabu mizani mpaka nikachoka, na hakuna mstari uliokuja.

Mishi alikuwa palepale, mgongo umeinama mbele kidogo, mikono juu ya magoti. Askari wake alikuwa amesinzia. Dirishani, jua la jioni lilikuwa bado halijashuka nyuma ya mabati.

"Shemeji," akasema. "Umetoka kwake?"

"Nimetoka kwake."

"Kasemaje?"

Nilikaa kando yake juu ya mbao. Shavuni mwangu hamkuwa na kitu. Sikuwa nimeonja jani tangu walipomchukua kaka yangu, nilikuwa nimeapa. Nikainua vidole viwili.

Pa pa.

"Kasema kesho anatoka," nikamwambia. "Saa nne. Atakuja kukuchukua mwenyewe."

Mishi akalitazama shavu langu, lilivyobonyea. Kisha akanigusa goti, kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Inshallah, shemeji," akasema. "Njoo na mashuka, basi. Yatakuwa yamekauka."